Maji ya saa sita, maji ya alfajiri: kisa cha kijito kimoja cha Chake Chake

Kijito chenyewe sikitaji jina. Mtu wa Chake Chake, hapa Pemba, atakijua kwa maelezo, na asiyekuwa wa Chake hatopungukiwa na kitu. Kinaanzia kwenye chemchemi za bonde la juu, chini ya mizambarau, kinapita nyuma ya nyumba za watu, kinaingia kwenye karavati chini ya barabara, kisha kinafika darajani na kumwaga kwenye mikoko ya hori, ule mkono wa bahari. Kutoka chemchemi mpaka mikokoni ni mwendo wa nusu saa kwa mguu, kwa anayejua njia za migombani.

Ilikuwa Februari, jua la kaskazi limekaza, sheha aliponifuata nyumbani baada ya sala ya alasiri. Nasomesha bayolojia, na yeye anajua kuwa wanafunzi wangu wana nyavu na mabeseni ya kutafutia wadudu wa maji. Hakuzunguka. "Maalim, nataka karatasi. Karatasi iseme taka za pale darajani zimekiua kijito, niipeleke mjini waje na gari."

Aliyekuja kuomba kipimo alikuwa na jibu lake tayari, nami nilipaswa kulishtukia hilo pale pale. Sikushtuka, kwa sababu hata mimi niliamini hivyo hivyo. Pale darajani kuna chupa za maji, pampasi, viroba, ndara za mguu mmoja mmoja, na mifuko ya plastiki ambayo Zanzibar iliipiga marufuku tangu 2006 na bado inaijua njia ya kurudi. Kila anayepita anaiona. Nikamwambia sheha anipe wiki.

Tulivyopima

Tulitumia miniSASS, kipimo kilichotengenezwa Afrika Kusini kwa ajili ya watu wasiokuwa na maabara. Unaingia majini, unavuruga mchanga na majani kwa miguu, unapitisha wavu kwenye mizizi na nyasi za ukingoni kwa dakika kama tano, halafu unamimina ulichokipata kwenye beseni jeupe lenye maji kidogo na kutulia. Baada ya muda zile takataka zinaanza kutembea. Makundi ya kutambua ni 13 tu, na kila kundi lina alama kwa kadiri linavyochukia uchafu: minyoo 2, ruba 2, mabuu wa mbu na usubi 2, konokono 4, mpaka juu kabisa 17. Unajumlisha alama za makundi uliyoyakuta, unagawa kwa idadi ya makundi hayo. Ukikuta kamba mmoja au mia, ni kundi moja. Kwa kijito cha mchanga kama hiki, wastani unaozidi 6.9 ni hali ya asili, na unaoshuka chini ya 4.8 ni hali mahututi.

Kipo kipimo cha kitaalamu zaidi kilichotengenezwa kwa mito ya Tanzania, TARISS, kilichochapishwa 2015. Lakini hicho kinataka umjue mdudu mpaka familia yake, na watoto wa kidato cha tatu wenye lenzi moja ya mkono hawafiki huko.

Sababu ya kuwauliza wadudu badala ya kuipima chupa ni kwamba chupa inakueleza habari za dakika uliyoyachota maji. Buu wa kereng'ende amekaa mle kwa miezi. Kilichopita usiku ulipokuwa umelala, yeye alikuwepo. Kanuni hii nilikuwa naisomesha kwa miaka, na kama nitakavyoeleza, nilikuwa siijui.

Mwezi ngapi leo?

Siku ya kwanza tulikwenda darajani kwenyewe, saa nne asubuhi. Maji yalikuwa membamba, yanapita juu ya mchanga, na mwanafunzi mmoja aliyagusa kwa ulimi (nilimgombeza) akasema ni matamu. Wavu ulitoa makundi matatu tu: kamba, minyoo, na mabuu wa usubi. Sita, mbili na mbili, kumi kwa tatu: 3.3. Mahututi. Karatasi ya sheha ilikuwa kama imeshaandikwa.

Aliyetuokoa ni kijana mmoja ambaye baba yake ni mvuvi. Alikuwa amekaa ukingoni anatizama mizizi ya mikoko, ilivyo na matope mpaka usawa wa kiuno chake. Akauliza, "Maalim, mwezi ngapi leo?" Nikadhani anauliza tarehe. Alikuwa anauliza mwezi wa mbinguni. Usiku wake ulikuwa wa kumi na tano, kwa hiyo bahari ilikuwa ya bamvu, yaani ya kujaa sana na kukauka sana, na bamvu kwetu hujaa kwenye saa kumi na kukauka kwenye saa nne au tano. Tulikuwa tumekuja katika saa ambayo bahari imekwenda zake.

Tulirudi saa kumi alasiri. Pale tuliposimama asubuhi maji yalikuwa ya mapaja, yanakwenda juu badala ya chini, na chupa za taka zinapanda nayo kuelekea mjini. Kipimo cha chumvi, kile kinachosoma maji yanavyopitisha umeme, asubuhi kilisoma mamia. Sasa kilisoma maelfu kwa makumi. Wadudu wa maji matamu hawawezi kukaa mahali ambapo bahari inaingia mara mbili kwa siku, hata pangekuwa safi kama kikombe. Wale watatu tuliowakuta ni wale wanaovumilia chumvi. Taka zilikuwepo, na ni aibu, lakini alama ya 3.3 haikuwa inazisema taka. Ilikuwa inaisema bahari. Nikaichana karatasi.

Hili nimeliona hata katika ripoti za watu wenye vyeo kuliko mimi: kituo kinachaguliwa darajani kwa sababu gari linafika.

Vituo vitatu

Mara ya pili tulipanda, mbali na bahari, tukachagua sehemu tatu: juu chini ya chemchemi, katikati nyuma ya nyumba, na chini kama hatua hamsini baada ya karavati, ambapo ukingo mzima ni jaa lakini maji chumvi hayafiki.

Kituo cha juu ni cha kukaa ukasahau kazi. Kuna kivuli, majimbi pembeni, majani ya mzambarau yanaoza taratibu majini. Tulipata kamba (6), konokono (4), mabuu wa usubi (2), kunguni na mende wa maji (5), kereng'ende wembamba (4) na kereng'ende wanene (6). Tukapata na wale ambao hawana jina la Kiswahili ninalolijua, na wanafunzi wakawapa majina yao. "Mikia-mitatu" ni kidudu chenye nyuzi tatu nyuma na mashavu ya kupumulia yanayopepea mbavuni. Wapo wadogo wanaoogelea kama visamaki (5) na wapo wengine wenye kuchagua zaidi (11). "Mjenzi" ni yule anayejishonea kijumba cha punje za mchanga na kutembea nacho (9). Jumla 52 kwa makundi tisa: 5.8. Jadweli la miniSASS linasema hiyo ni hali iliyobadilika kwa wastani.

Hapo nilisita. Kama pale, chini ya mizambarau, si pazima, wapi pazima? Nikatizama kilichokosekana. Kundi la alama 17 ni wale wanaofanana na mikia-mitatu ila wana mikia miwili, na wengi wao wanapenda maji ya baridi yanayokwenda kasi juu ya mawe. Angepatikana mmoja tu, jumla ingekuwa 69 kwa makundi kumi, yaani 6.9, na kijito kingegusa mlango wa hali ya asili. Mdudu mmoja! Lakini Pemba ni kisiwa cha mchanga na udongo wa mfinyanzi, maji yake ni ya vuguvugu, na kati yake na bara kuna mkondo wa bahari wa kina cha mamia ya mita na upana wa kilomita kama 50. Mdudu ambaye akishatoka majini na kuota mbawa anaishi siku au wiki chache tu, ataruka kilomita 50 juu ya bahari? Tulishawahi kuingia na wavu kwenye kijito cha msitu wa Ngezi, huko ambako hakuna nyumba wala karo la choo, na mikia-miwili hatukumpata hata huko. Kwa hiyo nikaamua: kijito cha Chake tukilinganishe na kijito cha Pemba, tuache kukilinganisha na jadweli la Afrika Kusini. Kipimo chetu ni 5.8 ya pale juu.

Kituo cha katikati kilituumiza. Hakuna mti, ukingo umekwanguliwa, chini kuna utelezi wa mwani wa kijani unaong'aa kwa jua. Minyoo, ruba, mabuu wa usubi wale wekundu, konokono, kunguni wa maji, kereng'ende wembamba. Kumi na tisa kwa makundi sita: 3.2.

Kisha kituo cha chini, jaani kwenyewe, ambako sheha alikuwa amesimama pembeni anasubiri. Makundi manane, jumla 30: 3.8. Mikia-mitatu wadogo walikuwepo. Kereng'ende wanene walikuwepo, mmoja amejibanza ndani ya chupa ya soda iliyokatika, anawinda. Sheha hakupenda. "Yaani taka zimekiponya?"

Hazikukiponya. Ila maji yanapotoka kwenye karavati yanaanguka na kugongana na viroba na matofali, yanajichanganya na hewa, na ile plastiki ngumu inakuwa kama mawe ya kushikilia katika kijito kisichokuwa na mawe. Jambo zito ni jingine: kijito kilishakuwa kimeanguka kabla hakijafika kwenye taka. Kutoka 5.8 mpaka 3.2, na taka ziko mbele bado. Mwenye kosa alikuwa baina ya migomba na karavati.

Utie pua

Nilikuwa nimeazimwa kipimo cha oksijeni. Nikakitia kituo cha katikati saa sita mchana: 9.4, miligramu kwa lita. Maji ya nyuzijoto 28 yakiachwa yenyewe hubeba oksijeni chini ya 8 kidogo. Kwa dakika nzima nilifurahi, nikidhani maji yana hewa tele, halafu nikakumbuka ule mwani. Jua likiwaka, mwani unatoa oksijeni kupita kiasi. Na mwani wa namna ile haunenepi kwa maji matupu. Kuna mtu anaulisha.

Bi mkubwa mmoja alikuwa anapalilia majimbi yake pale pale, anatusikiliza bila ya kuinua kichwa. Nikamwamkia: "Shikamoo, bibi." Akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, mwayapima maji mchana? Maji haya yaoza usiku. Njoo kabla ya adhana ya alfajiri utie pua."

Tulikuja watatu, kesho yake, na tochi. Harufu ilitufikia kabla ya maji. Kipimo kilisoma 1.6. Usiku mwani hautoi kitu, unavuta. Na bakteria wanaokula uchafu wanavuta zaidi. Mpaka alfajiri oksijeni imekwisha. Jua likichomoza hesabu inaanza upya, na anayekuja saa nne na chupa yake anaondoka na habari njema.

Nilirudi nyumbani nikaisoma tena orodha ya wale sita, na safari hii niliielewa. Mabuu wekundu wa usubi wana rangi ile kwa sababu wana damu inayoshika oksijeni, kama yetu. Kunguni wa maji wanapanda juu kuchukua hewa na kushuka nayo. Konokono wa pale ni wa aina yenye pafu, nao wanapanda. Minyoo na ruba wamezoea tope lisilo na hewa. Karibu kila aliyebaki alikuwa na njia yake ya kupumua, na aliyetegemea mashavu ya majini peke yake alikuwa amekwishaondoka, ukimtoa kereng'ende mwembamba ambaye anajua kupanda jani. Kama kingekuwa ni sumu, tuseme dawa ya kuulia wadudu, wale kunguni na kereng'ende nao wangekufa. Hapa aliyeuliwa ni asiyeweza kushika pumzi. Kinamama wanaofua pale, ambao vijana walishaanza kuwanyooshea vidole, nikawatoa katika lawama kubwa. Sabuni ina sehemu yake, lakini sabuni ya kanga na mashuka haimalizi oksijeni mpaka 1.6.

Bomba lilikuwa chini ya makuti, la inchi nne. Linatoka kwenye karo la nyumba ya kupangisha yenye vyumba vingi, na pampu ilikuwa inafanya kazi wakati watu wamelala. Mwenye nyumba simtaji, na sitaki kumfanya shetani. Kiwanja chake kiko bondeni, udongo ni mfinyanzi, maji ya ardhini yako karibu. Karo la pale halina pa kunywea, na mvua ikinyesha linajaa upya. Gari la kunyonya ni ghali kuliko pampu. Alichokifanya ni hesabu ambayo nusu ya mtaa wangeifanya.

Sheha na wazee wawili walikwenda kumwona. Mimi sikwenda, niliwapa tu namba mbili, 9.4 na 1.6, na saa zake. Nasikia mzee mmoja alimwambia alete kikombe, akanywe alfajiri. Bomba liliondolewa mwezi wa Machi, kabla ya masika, na gari la kunyonya likaja.

Konokono wa kule juu

Kuna jambo ambalo alama hazilisemi kabisa, na linanikera kuliko bomba. Kule juu, kwenye 5.8 yetu nzuri, mmoja wa konokono alikuwa na gome ambalo ukilishika ncha juu na mdomo ukikuelekea, mdomo uko kushoto, na hauna kifuniko. Huyo ni Bulinus. Kwenye kipimo anahesabiwa 4 kama konokono yeyote. Kwa Pemba ni mwenyeji wa kichocho cha mkojo. Vijidudu vinamtoka jua likiwa kali, kuelekea mchana, vinaingia kwenye ngozi ya mtoto anayekoga. Na pale juu, kwa kuwa ndipo penye maji safi, ndipo watoto wanapokoga. Katikati penye uchafu hakogi mtu.

Mzee mmoja alisikia, akataka tutie dawa. Dawa ipo, niklosamaidi, na ilitumika Unguja na Pemba katika mradi mkubwa wa kutokomeza kichocho wa miaka ya 2010, pamoja na kugawa vidonge na kufundisha watu. Inamuua konokono. Inaua samaki na viluwiluwi vilevile. Nilimwambia kuwa hilo si la maalim wa skuli. Sikumwambia kuwa ningepigiwa kura ningesita, maana wale kamba wa kule juu wanakula konokono wadogo, na wengi wa jamii yao wanazaliwa kwenye maji ya mikokoni na kupanda mpaka juu, wakipita katikati ya ule uozo, nadhani katika siku za masika maji yanapokuwa mengi. Kuwakuta pale ni dalili kwamba njia haijakatika. Lakini mtoto anayekojoa damu hana haja na hadithi ya kamba. Tulipeleka taarifa kwa watu wa afya, wakaja, wakaondoka na konokono wetu kwenye gilasi yenye kifuniko. Watoto tumewaambia wasikoge pale. Mfereji wa mtaa unatoa maji siku moja moja, kwa hiyo wanakoga.

Kipupwe

Mwisho wa Juni, mvua zimekatika wiki kadhaa, tuliingia tena. Hatukwenda mapema kwa makusudi: mvua kubwa inasomba wadudu wote, wazuri na wabaya, na ukipima kesho yake unapima mvua.

Juu: makundi yale yale tisa. Katikati: ruba hawakuonekana, mikia-mitatu wadogo wamerudi, kereng'ende mnene mmoja. Ishirini na nane kwa saba, 4.0. Alfajiri, oksijeni 4.1. Kwa jadweli bado ni mahututi, na sheha alipoliona neno lile lile alidhani tumefanya kazi bure. Kwangu mimi 1.6 kwenda 4.1 ni tofauti ya kiumbe kupumua na kutopumua. Sifa yote siwezi kuipa lile bomba, kwa sababu masika yenyewe yalikisafisha kijito na maji ya Juni ni mengi na ya baridi kuliko ya Februari; Februari ijayo, jua kali na maji membamba, ndipo tutajua. Ukingo bado mtupu. Bi mkubwa amesogeza majimbi yake chini kidogo, na hiyo ndiyo kazi pekee ya kurudisha kivuli iliyofanyika mpaka leo.

Gari la taka nalo lilikuja, karatasi au si karatasi. Walisafisha jaa la karavati kwa siku moja. Tukapima chini baada ya hapo: 3.8, kama mwanzo.

Wale mikia-mitatu wa alama 11 hawajashuka. Wapo juu, hatua mia tatu hivi kutoka kituo cha katikati, na maji yanawapitia kila siku yakielekea huko.